Boga la Julai nimelila Oktoba

Jumapili iliyopita nilikata boga lililokuwa chini ya kitanda changu tangu Julai. Kisu kiligoma, nikakiegemea kwa kiganja, likapasuka kwa mlio. Ndani manjano ya kukolea, mbegu nono, hakuna hata doa. Nikapiga picha na kuwatumia hata watu ambao hawakuniuliza. Mnivumilie, miaka miwili iliyopita maboga yaliniliza, kwa hiyo hili lazima nilitambie.

Siku hiyohiyo msomaji mmoja aliyeko Minneapolis, Marekani, akaniandikia. Kwao sasa majani yanapukutika na maboga yamejaa mpaka milangoni mwa maduka. Akanunua kubwa kuliko yote, akalipika ninavyoelezaga hapa, likawa uji wa nyuzi. "Dada, umeniponza." Sikumponza mimi. Yale makubwa huuzwa yachongwe sura za kutisha za Halloween, tarehe 31 Oktoba, na nyama yake ni maji matupu. (Desturi yenyewe ilitoka Ireland na Scotland, walikokuwa wakichonga tanipu. Boga walikutana nalo Marekani, na hata haya yetu asili yake ni mabara ya Amerika.) Wewe uliye huko tafuta kabocha, lile boga la Kijapani, au butternut, lile lenye shingo. Nyama yake imeshikana na ina utamu.

Sisi hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, Oktoba ni mvua za pili. Mmea mpya bado unatambaa, tunachuma majani yake, essunsa ya Waganda, tunayapika na karanga za kusaga. Boga lenyewe la kula mwezi huu ni lile ulilolitunza tangu msimu uliopandwa Machi. Kulitunza ndiko kulikonishinda.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na nusu eka ya maboga. Mwanzoni mwa Juni akaja mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka: anachukua yote, lakini keshokutwa, lori liko tayari. Mama mkwe akaligusa moja kwa ukucha, ukucha ukazama. "Mwanangu, haya bado yananyonya." Nikamjibu kwamba soko halimsubiri mtu. Tukayanyofoa usiku na mchana, watoto wakiyabeba kwa vikonyo kama ndoo, vikonyo vinabaki mikononi. Tukayarundika stoo mpaka karibu na bati. Keshokutwa simu ya mnunuzi imezimwa. Wiki ya pili nikavuta boga moja, vidole vikaingia ndani. Maji yenye harufu yalikuwa yakichuruzika chini ya mlango, kuku wanayaparura. Pesa ya palizi nilikuwa nimekopa kwenye kikundi chetu cha akiba, nikailipa hadi Krismasi. Yule bwana bado tunakutana mpakani. Hunisalimia kwa bashasha. Naitikia, basi.

Kwa hiyo nisikilizeni. Subiri kikonyo kikauke kiwe kama kijiti, na ganda likatae ukucha. Kata kwa kisu, acha kikonyo urefu wa vidole vinne. Usilibebe kwa kikonyo! Kikinyofoka, pale ndipo uozo unapoingilia. Lipate joto kavu siku kama kumi, kisha lipange juu ya mbao, yasigusane, na kila wiki uyageuze uyakague. Lililochubuka ulile kwanza. Na nasema tena, usilibebe kwa kikonyo.

Kupika hakuna maajabu. Kata vipande na ganda lake, funga kwa jani la mgomba, maji kidogo chini ya sufuria, livukizwe. Ukilitumbukiza kwenye maji umeliharibu.

Nanyi vijana mnaoona haya kuandaliwa boga mbele ya wageni, eti chakula cha shida, huku mnakopa kununua keki: nani kawafundisha hivyo? Mnataka kila kitu leo. Boga halina leo. Mimi nililazimisha leo yangu, nikalala na harufu yake mwezi mzima. Mkubwa akikwambia bado, kaa chini, nyamaza, hata kama lori linapiga honi.

Mbegu za lile la Jumapili ziko kwenye ungo, zinakauka. Mama mkwe alikula vipande vitatu na chai ya maziwa, akafuta vidole, akauliza kama yamebaki mengine. Yako manne. Sijamwambia.