Anemoni anayehamahama tangini

Shekhe, umeuliza kwa nini anemoni wako, mnyama wa baharini anayefanana na ua, hutembea usiku hadi kwenye pampu ya tangi lako la maji ya chumvi. Si ukaidi, mahali ulipompachika hapamfai. Tena tangi la wiki sita bado changa. Wengi wetu hungoja miezi sita hivi kabla ya kumtia. Leo hii uvishe mdomo wa pampu sponji, maana akinyonywa akakatwakatwa humo, huweza kuchafua maji mpaka samaki wote wafe.

Kisha pima: chumvi 1.025 (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matamu), joto nyuzi 25 hadi 27, amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa tangini, sufuri. Kwa joto letu la Unguja weka feni ipulize juu ya maji, ila kinachopotea kwa mvuke fidia kwa maji matamu yaliyochujwa, si ya bahari, la sivyo chumvi itapanda.

Hao samaki wako wa klauni, ambao kwa kawaida huishi ndani ya anemoni, wasipomwingia usiwasukume. Wa rangi ya machungwa wenye mistari mitatu si wa huku. Mmojawapo wa miamba yetu ni yule mwenye mstari mweupe mgongoni, naye huchagua sana, hukaa na aina mbili tu za anemoni. Klauni wengine tangini huridhika na matumbawe laini badala ya anemoni.

Anemoni akilegea mdomo wazi na kunuka, mtoe saa hiyohiyo.