Re: Thunderbird haioni barua za zamani, nifanyeje?

Mkuu, hizo barua pepe za wakulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, ulizosema huzioni kwenye Thunderbird (programu ya barua pepe) zipo, ila unatafutia pasipo. Hicho kiboksi unachotumia, cha Ctrl+Shift+K, kinachuja folda uliyoifungua tu, na chenyewe huwa kinaangalia aliyetuma, aliyetumiwa na kichwa cha barua, maandishi ya ndani ya barua hakigusi mpaka uwashe sehemu hiyo. We bonyeza Ctrl+Shift+F, hapo ndo unachagua akaunti nzima na folda zake za ndani alafu unaweka masharti, mfano kichwa kina neno "Hombolo" na tarehe ni baada ya 1 Julai mwaka wa fedha ulipoanza. Majibu yakikaa sawa yahifadhi kama folda ya utafutaji, itakua inajijaza yenyewe kila barua mpya ikiingia, lakini usifute kitu humo ukidhani ni kopi, ukifuta umefuta barua yenyewe, wengi wanalizwa hapo.

Fidi za habari (habari za tovuti ulizojiunga nazo humohumo Thunderbird) nazo zinatafutwa hivohivo.

Ile ya Ctrl+K, inayotafuta akaunti zote kwa mpigo, inataka indeksi (orodha ya maneno ya barua zako) iwe imewashwa kwenye setingi. Ikigoma, funga programu, ingia folda ya profaili (ambamo Thunderbird inatunza data zako) futa faili la indeksi, global-messages-db.sqlite (barua haziguswi), ukifungua inajenga indeksi upya, na kwa kompyuta zetu hizi za ofisini itachukua muda, we iache tu uende Mtumba urudi.