Nifanye nini kalunguyeye waingie bustanini kwangu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina bustani ndogo ya mboga. Pande tatu nimejenga ukuta, upande wa nne kuna wavu wa waya. Koa na viwavi wananimalizia miche kila usiku. Nimesikia kwamba kalunguyeye anawala wadudu hao, na jirani yangu aliwahi kumwona mmoja njiani, kama mita 200 kutoka kwangu. Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikiweka bakuli la maziwa na vipande vya mkate kila jioni, lakini wanaokuja ni paka tu. Rafiki yangu ananishauri nikamkamate huyo wa njiani nimlete ndani. Mke wangu naye anahofu kwamba atakula mazao na kuturushia miiba. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, ondoa hayo maziwa leo hii, ndipo tuendelee. Kalunguyeye hawezi kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Akiyanywa huharisha, na mnyama ambaye mara nyingi hafiki hata kilo moja akiharisha siku mbili tatu, maji yanamwisha mwilini, anakufa. Mkate nao unamjaza tumbo bila kumpa kitu. Najua uliweka kwa moyo mwema, na si wewe peke yako. Ushauri huo umezunguka kwa miaka mingi na umeua wengi.

Kwa mama wa nyumbani kwako, naomba umfikishie hili: anayemwogopa ni nungunungu, siye kalunguyeye. Watu huwachanganya kwa sababu wote wana miiba, lakini hata udugu hawana. Nungunungu ni mkubwa, ana uzito wa kilo kumi na zaidi, ni wa jamii ya wagugunaji kama panya, na kweli hufukua mizizi na viazi usiku. Kalunguyeye anaenea kwenye viganja viwili, nasaba yake iko karibu na kirukanjia, na chakula chake ni wadudu: mbawakawa, viwavi, mchwa, jongoo, nyungunyungu, pamoja na koa. Tunda lililoanguka anaweza kulionja, lakini mimea yako haimhusu. Wala hakuna kati yao anayerusha miiba. Ya nungunungu huchomoka ukigusana nayo. Ya kalunguyeye ni mifupi, imejengwa kwa protini ileile ya kucha zetu, na hukaa imara ngozini. Akiogopa hujikunja akawa kama mpira, basi. Kama unafuga kuku wanaotagia chini, wafungie vizuri usiku, maana mayai na vifaranga anaweza kuvila.

Sasa hilo la kumkamata. Usifanye hivyo. Kwanza, mnyama aliyehamishwa hatulii. Atatafuta njia ya kutoka hadi aipate au achoke. Pili, akiwa jike huenda ameacha watoto kwenye kiota. Hubeba mimba kwa wiki tano hivi, huzaa watoto vipofu, mara nyingi wanne au watano, na wote wanategemea maziwa yake. Ukimchukua yeye, umewaua hao usiowaona. Tatu, katika nchi nyingi kukamata mnyama wa porini bila kibali ni kosa.

Kuna sababu kubwa zaidi inayonifanya nilisisitize jambo hili. Mwaka 1974 watu walipeleka kalunguyeye wachache katika kisiwa cha South Uist, magharibi mwa Uskoti, ili wawale koa kwenye bustani, kama unavyotaka wewe. Kisiwani hapo hawakuwahi kuwepo. Walizaana, wakagundua mayai ya ndege wa pwani wanaotagia chini, na ndege hao wakaanza kupungua. Baadaye ikawa kazi ya miaka mingi na gharama kubwa kuwakusanya na kuwatoa. New Zealand, ambako walipelekwa na walowezi katika karne ya 19, hadi leo huhesabiwa kuwa wanyama waharibifu. Kwa hiyo kalunguyeye anayefaa bustanini kwako ni yule ambaye tayari anaishi jirani na akaingia kwa miguu yake.

Na habari njema ni kwamba yupo. Mita 200 kwake si safari; dume mzima anaweza kuzunguka kilomita moja hadi mbili kwa usiku mmoja. Ulipoandika "pande tatu ukuta" ndipo nilipoliona tatizo lako. Hakosi sababu ya kuja, amekosa mlango.

Toboa tundu chini kabisa ya ukuta, usawa wa ardhi, lenye upana wa sentimita 13 na kimo cha sentimita 13. Kipimo hicho kinamtosha yeye na kinazuia mbwa wengi. Kwenye wavu, kata kipande cha ukubwa huohuo kisha ukunje ncha zote za waya zisibaki zimechomoza, maana zinachana ngozi ya tumbo, ambako hana miiba. Fanya matundu mawili, moja kila upande unaopakana na majani au kichaka, ili awe na pa kuingilia na pa kutokea. Kisha nenda ukazungumze na majirani, hasa huyo aliyemwona. Bustani moja haimtoshi kalunguyeye hata mmoja. Anahitaji mfululizo wa bustani, na kila ukuta usio na tundu humrudisha barabarani, kwenye magari.

Hukuniambia kama unatumia sumu ya koa. Kama unatumia vile vijidonge vyenye metaldehaidi, viache. Ni sumu kwa mnyama anayevila, awe mbwa, paka au kalunguyeye. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake bustanini na mashambani mwaka 2022. Viuadudu vya kunyunyizia navyo, hata visipomdhuru moja kwa moja, vinamwondolea chakula, na bustani isiyo na wadudu ataipita tu.

Lakini nisikudanganye: kalunguyeye hatamaliza koa wako. Anawapenda zaidi mbawakawa na viwavi, na konokono wakubwa wenye gamba gumu huwaacha. Atapunguza, hatasafisha. Kwa hiyo wewe endelea na kazi yako: mwagilia asubuhi badala ya jioni, kwa sababu koa hutembelea udongo uliolowa usiku, hamishia bustanini miche iliyokwisha kukomaa kidogo, na toka na tochi saa tatu usiku ukawaokote kwa mkono. Ubao uliolazwa kati ya matuta utakusaidia. Ukiugeuza alfajiri utawakuta wamejibana chini yake.

Mpatie pia kona isiyofagiliwa. Napenda bustani safi kama watu wengine, lakini kona moja ya mita mbili iachwe na biwi la majani makavu, matawi na gogo linalooza. Hapo wadudu watazaliana na yeye atalala mchana. Ukitaka kumjengea, sanduku la mbao lenye nafasi ya kutosha yeye na majani mengi makavu, na mlango wa sentimita 13, linafaa. Liweke kivulini, mgongo wake kwenye upepo, halafu usilifungue. Kwenye nchi za baridi kali hulala miezi kadhaa mfululizo, na kwenye nchi za joto wapo wanaozubaa hivyohivyo wakati wa ukame chakula kinapoadimika. Kumwamsha katikati ya usingizi huo ni kumtumilia akiba ya mafuta anayoishi kwayo.

Maji ndiyo zawadi bora kuliko chakula: kisahani kipana, kisicho na kina, kibadilishwe kila siku. Chakula si lazima. Kipindi cha ukame unaweza kuweka kijiko cha chakula cha paka chenye nyama.

Halafu kuna mitego tunayoitega bila kujua. Asubuhi moja niliitwa kwenye bustani ambayo wavu wa kukingia ndege ulikuwa umeachwa ukiburuta ardhini. Kalunguyeye alikuwa ndani yake. Kila alipojikunja, nyuzi zilizama zaidi kati ya miiba, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umevimba kwa kamba. Nilikata uzi mmoja mmoja kwa mkasi wa kucha kwa karibu saa nzima, na muda wote huo nilisikia pumzi yake, fyu, fyu, fyu. Mguu ulipona. Tangu siku hiyo kila nikiingia bustani ya mtu macho yangu huenda kwenye nyavu kwanza. Zako ziinue sentimita 30 kutoka ardhini, au zikunje kila jioni. Kidimbwi kiwekee ubao au mawe ya kupandia. Anajua kuogelea, ila akikosa pa kutokea anazama. Kabla ya kuwasha biwi au kupitisha mashine ya kukata nyasi, chungulia kwa mkono wenye glavu, kwa sababu yeye akisikia kelele hakimbii, anajikunja palepale.

Ukikuta kalunguyeye anatembea mchana akiyumba, au amezungukwa na nzi, huyo ni mgonjwa. Mweke kwenye boksi refu lenye kitambaa, kivulini, na umtafute daktari wa mifugo. Nawa mikono baadaye. Wanaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Ukishatoboa matundu, tandaza mchanga laini mbele ya kila moja na uulainishe kila jioni. Asubuhi utafute nyayo za mbele, zinafanana na viganja vidogo vya mtoto vilivyotanua vidole. Tafuta pia kinyesi: cheusi, kinang'aa, urefu wa kidole kidogo, na ukikivunja kwa kijiti utaona vipande vya mbawa za mbawakawa vikimetameta. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Nyayo zikionekana kwenye tundu moja tu, ujue anageuza ndani na kurudi alikotoka. Nenda ukagonge kwa jirani wa upande wa pili.