Jibu: Kwa nini wasikate tu kiinitete vipande?
Mkuu umeuliza kwa nini wanasayansi wanaotaka kuona umbo la kiinitete (kiumbe kikiwa ndo kwanza kinaanza kujijenga, tumboni au ndani ya yai) wasikikate tu vipande vyembamba wakaangalia kwa hadubini. Wanakata hata leo, ila shida ni kuvipanga tena, kila kipande kinajikunja au kuchanika kidogo, ukija kuviunganisha kwenye kompyuta umbo limeshapinda, na moyo ndo balaa zaidi maana unaanza kama bomba moja tu halafu linajipinda na kujisokota, sasa huo msokoto utauonaje kwenye kipande bapa? Mwaka 2002 mwanasayansi James Sharpe na wenzake kule Edinburgh, Uskoti, wakaja na njia nyingine: kiinitete kinalowekwa kwenye kemikali mpaka kinapitisha mwanga, kinazungushwa kidogo kidogo huku kinapigwa picha kila upande, kompyuta inajenga umbo zima, yani kama siti skani ila kwa mwanga badala ya eksirei. Kiinitete hicho lakini kinakuwa kimeshakufa. Ukitaka kuona moyo unajijenga laivu, watu wanatumia samaki mdogo wa mistari aitwaye zebrafish, viinitete vyake vinapitisha mwanga vyenyewe, wanavimulika kwa mwanga mwembamba kama karatasi, tabaka moja moja, na moyo unaanza kudunda kama masaa 24 tu baada ya yai kurutubishwa. Tafuta hizo video aisee, mimi huwa narudia rudia.