Mkazo wa vitenzi vya Kiitalia: usihesabu kutoka mwisho

Kiswahili kimetuzoesha mkazo kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao husogea: SO-ma, so-ME-ni. Ukienda na mazoea hayo kwenye vitenzi vya Kiitalia, utakosea kila siku.

Anza na umbo la "mimi" la wakati uliopo: PAR-lo, A-bi-to, te-LE-fo-no. Likariri pamoja na mkazo wake, kwa kuwa parlare (kuzungumza), abitare (kuishi) na telefonare (kupiga simu) vyenyewe havikuonyeshi. Mkazo huo haubanduki kwa "wewe", "yeye" wala "wao". Penye "wao" ndipo wengi wanapoanguka. Ile -no hubandikwa nyuma tu: A-bi-ta, A-bi-ta-no, mkazo kwenye silabi ya nne kutoka mwisho. A-bi-TA-no ni kosa, hata kama sikio lako linaridhika nalo. "Sisi" na "ninyi" pekee ndizo zinazouhamisha: a-bi-TIA-mo, a-bi-TA-te.

Hata ukiongeza "mimi" na "hilo" nyuma ya amri, mkazo hautikisiki: SCRI-vi (andika), SCRI-vi-mi (niandikie), SCRI-vi-me-lo (niandikie hilo).

Kwenye kugawa silabi, tatizo letu ni nyu-mba na ma-nda-zi. Sisi hatutenganishi mb wala nd, Waitalia hutenganisha: can-to, com-pro. S yao husonga mbele hadi silabi inayofuata, re-sto, co-no-sco. Konsonanti pacha hukatwa katikati, na lazima zisikike, maana par-le-RE-mo ni "tutazungumza" na par-le-REM-mo ni "tungezungumza". Funga midomo kwenye m ya kwanza, ishikilie kidogo, ndipo uachie.

Angalia pia -io. Studio ya Kiswahili ina silabi tatu. Kitenzi cha Kiitalia STU-dio (najifunza) kina mbili. Lakini in-VI-o (natuma) kina tatu, kwa sababu i yenyewe imebeba mkazo. Umbo la "wewe" hukufichulia: studi lina i moja mwishoni, invii lina mbili.

Katika maandishi ya kawaida alama ya mkazo huwekwa kwenye silabi ya mwisho tu: parlo ni "nazungumza", parlò ni "alizungumza". Kwingine kote iweke mwenyewe kwa penseli daftarini, àbitano, telèfonano, kila unapoandika kitenzi kipya.