Kwa waigizaji wachanga: yaliyomo katika kazi ya Rohini Hattangadi

Kila ninapopokea darasa jipya la waigizaji, swali linalotangulia huwa ni namna ya kupata nafasi katika filamu au tamthilia ya televisheni. Ni swali la haki, kwa maana kila mtu anataka kula kwa kazi yake. Hata hivyo huwa nawaomba walisogeze kando kidogo, niwasimulie habari za Rohini Hattangadi, mwigizaji wa Kimarathi kutoka India ambaye amefanya kazi ya jukwaa, filamu na televisheni tangu miaka ya 1970, kwa sababu katika maisha yake ya kazi inaonekana wazi kwamba nafasi kubwa ilimkuta mwili wake ukiwa tayari umeshafundishwa.

Alizaliwa Pune, katika jimbo la Maharashtra, mwaka 1951. Wamarathi, watu wa jimbo hilo, ni watu wa jukwaa. Wao huhesabu historia ya michezo yao ya kuigiza kuanzia mwaka 1843, mchezo ulipoonyeshwa katika mji wa Sangli, na mpaka leo familia hununua tiketi za mchezo wa Jumapili katika kumbi za Dadar, Thane na Pune, wakasubiri kengele ya tatu ilie ndipo pazia lifunguliwe. Msichana mwenye kipaji aliyekulia katika mazingira kama hayo angeweza kupanda jukwaani moja kwa moja na watu wakampigia makofi. Yeye mwaka 1971 alikwenda Delhi, akajiunga na National School of Drama, shule ya taifa ya maigizo, wakati ikiongozwa na Ebrahim Alkazi, mwalimu aliyesifika kwa nidhamu kali, akahitimu mwaka 1974. Huko alifanya kazi na Shozo Sato wa Japani katika mchezo wa Kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, uitwao Ibaragi, kisha akaigiza Yakshagana, sanaa ya jimbo la Karnataka, chini ya Shivarama Karanth. Zote mbili ni sanaa ambazo kwa desturi huchezwa na wanaume, na zote mbili zinamtaka mwigizaji aushushe uzito wa mwili kwenye magoti na nyonga, azuie pumzi, na asisogeze hata kidole bila sababu. Alijifunza pia Bharatanatyam na Kathakali, ngoma za jadi za India.

Nayataja mafunzo haya kwa urefu kwa kuwa ndiyo yaliyomwezesha kufanya yaliyofuata. Richard Attenborough alipoiongoza filamu ya Gandhi, iliyotoka mwaka 1982, Rohini alipewa nafasi ya Kasturba, mke wa Gandhi. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, na alitakiwa kumwonyesha mwanamke huyo tangu akiwa mke kijana huko Afrika Kusini hadi kifo chake kizuizini, ambacho katika historia kilitokea mwaka 1944 katika jumba la Aga Khan mjini Pune, akiwa na umri wa miaka 74. Kwa kazi hiyo alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji msaidizi wa kike, aliyoipokea kwa pamoja na Maureen Stapleton wa Marekani.

Itazameni kwa makini sehemu ya Afrika Kusini, pale mumewe anapomtaka ashiriki zamu ya kusafisha choo cha jumuiya yao naye anakataa. Gandhi anapandwa na hasira, anamburuta kuelekea langoni ili amtoe nje. Mwigizaji asiyefundishwa angelia kwa sauti hapo na kutupa mikono. Yeye anamuuliza mumewe kama hana haya, na swali hilo linatoka kwa mtu aliyeumia lakini hajaipoteza heshima yake, kiasi kwamba mwenye kuinamisha kichwa ni mume. Kisha anatulia, na mwishowe anasema anakwenda kuifanya ile kazi. Ndani ya dakika chache ameonyesha kukataa, fedheha, huruma na kukubali, na kila hali imeondoka kuipisha nyingine bila kusukumwa. Huo ndio uigizaji ninaotaka muujue: kuiacha hisia ifike mwisho wake kabla ya kuanza nyingine.

Kuhusu uzee nina neno refu kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wenu mnapoharibu. Mkiambiwa muigize mzee, haraka mnatetemesha mikono, mnakwaruza sauti na kuinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Wazee halisi hawafanyi hivyo. Mzee hujitahidi kuuficha uzee wake. Hupanga pumzi kabla ya kusimama, hushika kiti kama vile ameamua tu kukishika, hugeuza mwili mzima pale ambapo kijana angegeuza shingo. Mwaka 1984 filamu ya Saaransh, iliyoongozwa na Mahesh Bhatt, ilimpa Rohini nafasi ya Parvati, mke wa mwalimu mkuu mstaafu wa Kimarathi jijini Mumbai, ambao mwana wao wa pekee ameuawa New York. Aliyeigiza mume, Anupam Kher, alikuwa na miaka 28. Rohini mwenyewe alikuwa na 33. Watu wawili vijana wakabeba nyumba nzima ya wazee waliofiwa, na anayetazama hakumbuki kuhesabu umri wao. Nywele zilizopakwa mvi zilisaidia, lakini kilichoshikilia filamu ile ni ule uzito wa mwili uliopangwa, na imani ya Parvati kwamba mwanawe atazaliwa upya, imani ambayo Rohini anaicheza kama jambo la kawaida kabisa, bila kuifanya wazimu.

Sasa niseme upande wa pili, maana ningekuwa siwatendei haki nikiunyamazia. Ustadi huo una gharama. Soko la filamu za Kihindi lilipoona kwamba anaweza kuwa mzee, likamfanya mama wa kila mtu. Katika Agneepath ya mwaka 1990 ni mama wa mhusika wa Amitabh Bachchan, aliyezaliwa mwaka 1942, yaani mama ni mdogo kwa mwana kwa takriban miaka tisa. Alipata Filmfare, tuzo kubwa ya filamu za Kihindi, kwa kazi hiyo na aliifanya vizuri sana. Lakini mwanamke mwenye uwezo wa aina ile alistahili nafasi kuu nyingi zaidi katika miaka yake ya thelathini, na mimi naamini hasara ni ya filamu zenyewe. Wasichana, mkisikia mwongozaji anawapa nafasi ya mama mkiwa bado vijana, isomeni skripti kwanza mwone kama mama huyo ana jambo lake mwenyewe analolitaka, au amewekwa pale kumlilia mwana tu. Mkikuta ana lake, ichukueni bila woga.

Yeye hakungoja filamu imkumbuke. Aliendelea na jukwaa pamoja na mumewe, mwongozaji Jayadev Hattangadi, waliyesoma wote Delhi, na mwaka 2004 alipewa tuzo ya taifa ya sanaa za maonyesho, Sangeet Natak Akademi. Katika televisheni ya Kimarathi alishika nafasi ya mama mkwe katika Char Divas Sasuche, tamthilia iliyoanza mwaka 2001 ikaendelea hadi 2013, ikapita vipindi 3,000. Wapo wanaoidharau tamthilia ya kila siku. Msiwe miongoni mwao. Kurasa za skripti hufika siku ile ile ya kurekodi, mazoezi ni haba, na mhusika mmoja anatakiwa abaki mtu yule yule kwa miaka. Asiyekuwa na msingi wa jukwaa huanza kujirudia baada ya miezi michache: jicho lile lile la hasira, pumzi ile ile kabla ya neno kali.

Kazi yenu kabla ya kipindi kijacho ni hii. Anzeni na Arth ya mwaka 1982, ambamo Rohini ni mtumishi wa nyumbani anayeweka akiba ili binti yake asome, na mume mlevi anaichukua fedha hiyo. Kisha tazameni Saaransh. Itazameni kila moja mara ya pili mkiwa mmezima sauti, na mwandike pumzi yake inabadilika wapi, uzito wa mwili unahamia mguu upi, na mikono inafanya nini wakati mwenzake anazungumza. Mje na madaftari, tutaanzia kwenye mikono.