Kuandika dai la hataza, kwa mfano wa mbuzi ya nazi

Wavumbuzi wengi hutumia wiki nzima kwenye michoro na maelezo, halafu madai wanayamaliza jioni moja. Hapo ndipo wanapopoteza hataza (patent) yao, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi. Maelezo yanaonyesha uvumbuzi unavyofanya kazi, lakini kinachokupa haki ya kumzuia mtu mwingine ni madai, zile sentensi zenye namba mwishoni mwa ombi. Kitu kikielezwa kurasa 20 na kisiwemo kwenye madai, hakilindwi.

Tuchukue mbuzi ya kukunia nazi. Tuseme umebuni mbuzi ambayo chuma chake chenye meno hujikunja chini ya kiti, kisimkate mtoto, na mtu akikaa uzito wake unasukuma komeo linalozuia chuma kisirudi. Rasimu ya kwanza kwa kawaida huwa hivi:

“Mbuzi ya nazi yenye kiti cha mninga cha sentimita 40, chuma chenye meno 18, bawaba ya shaba, na komeo lenye springi linalosukumwa na uzito wa mtu aliyeketi.”

Anayekuiga atatumia mvule, atachonga meno 16, na ameshatoka. Kwa kawaida, kifaa kinakiuka dai pale tu kinapokuwa na kila kitu kilichotajwa ndani yake. Kikikosekana kimoja, mwenye kifaa ana njia ya kupita. Kwa hiyo pita neno kwa neno ukijiuliza: nikiliondoa hili, uvumbuzi bado unafanya kazi? Mninga uondoke. Idadi ya meno iondoke. Bawaba iwe “kiungio”, maana kesho mtu ataweka reli ya kuteleza badala ya bawaba. Springi nayo haina lazima.

Sasa kishawishi kinakuja: kwa nini tusiondoe na kiti? Jaribu uone. “Kifaa chenye kiunzi, kichwa chenye meno, kiungio cha kukunjia na kizuizi.” Hicho ni kisu cha kukunja chenye meno ya msumeno, kitu cha zamani sana, na mkaguzi wa ofisi ya hataza atalikataa dai lako kwa kisu hicho kimoja, kwa kuwa si jambo jipya. Kuanza na maneno “cha kukunia nazi” hakukuokoi sana, kwa sababu wakaguzi wa Ulaya, kwa mfano, huyasoma kama “kinachofaa kukunia nazi”. Ambacho kisu hakina ni uzito wa mtu aliyeketi. Hicho ndicho kiini, na dai lijengwe juu yake:

“1. Kifaa cha kukunia nazi, chenye: kiunzi chenye sehemu ya kukalia, kichwa chenye meno, kiungio kinachounganisha kichwa hicho na kiunzi hicho, ili kichwa hicho kiweze kutokeza nje ya kiunzi hicho au kurudi chini ya sehemu hiyo ya kukalia, na kizuizi kinachosogezwa na uzito wa mtu aliyeketi kwenye sehemu hiyo ya kukalia, ili kuzuia kichwa hicho kisirudi.”

Ni sentensi moja, na ndivyo madai yanavyoandikwa, hata likifika nusu ukurasa. Ona pia linavyochosha kusoma. Kiunzi, kichwa, kiungio, kizuizi: vyote ni ngeli moja, na ukiandika “kukizuia” tu, hakuna ajuaye ni kipi. Rudia jina zima kila mara. Wala usikiite kiungio mstari wa pili kisha “bawaba” mstari wa nne, kwani msomaji ana haki ya kudhani ni vitu viwili. Ombi la KIPI (ofisi ya hataza ya Kenya) au ARIPO (shirika la kikanda la miliki bunifu Afrika) utaliandika kwa Kiingereza, na kosa hili linakufuata huko huko.

Neno “chenye” limechaguliwa makusudi. Mshindani akiongeza bakuli la kupokelea machicha, bado yumo ndani ya dai. Ungeandika “kilichoundwa kwa sehemu hizi nne pekee”, bakuli hilo lingemtoa.

Vile ulivyoviondoa usivitupe. Viingie kwenye madai tegemezi, yaani yanayorejelea dai jingine na kuliongezea sharti: “2. Kifaa kulingana na dai la 1, ambapo kiungio hicho ni bawaba.” Dai la 3 lichukue springi. Likipatikana jambo la zamani linaloangusha dai la 1, pengine la 3 litasimama. Usiyarundike tu: Ofisi ya Hataza ya Ulaya hutoza ada ya ziada kuanzia dai la 16, na Marekani ukizidisha 20.

Vipimo, na maneno madogo kama “hadi”, vina hatari yake. Mwaka 2004, katika kesi ya Chef America dhidi ya Lamb-Weston huko Marekani, dai lilisema donge la unga lipashwe moto hadi lifikie nyuzi 400 hadi 850 za Fahrenheit. Joto hilo lilikusudiwa kuwa la tanuri. Donge lenyewe likifika hapo linakuwa mkaa. Mahakama ya rufaa ililisoma dai kama lilivyoandikwa, na mwenye hataza akashindwa. Uingereza, katika kesi ya Catnic ya 1980, dai lilitaka bamba la chuma lisimame “wima”, na la mshindani liliinama digrii 6 au 8. Mwenye hataza alishinda, lakini baada ya kupanda hadi baraza la juu kabisa la rufaa. Kama wima kamili si lazima kwa kazi ya kifaa, andika “wima au karibu na wima”, na maelezo yako yataje ni digrii ngapi bado zinafaa.

Fanya hivyo kabla ya kuwasilisha. Baada ya siku hiyo unaweza kulipunguza dai, lakini huruhusiwi kuingiza jambo ambalo halikuwemo kwenye ombi la awali. Ile reli ya kuteleza, kama hukuichora wala kuitaja, mkaguzi anaweza kukuambia maelezo yako yanajua bawaba tu, na “kiungio” chako kikarudi kuwa bawaba.